Kastani za Mkwe

Alby, Jumamosi, 12 Oktoba 2024

Leo natimiza miaka thelathini na saba nje ya nyumbani. Nilivuka mpaka wa Malaba kwa miguu, jua likiwa utosini, nina shati moja na kamusi. Nikafundisha Kenya miaka minne, nikamwoa Leokadia, mwanamke wa Bukoba, ndipo tukaletwa huku kwenye baridi. Leokadia nilimzika Aprili. Februari nitarudi. Ndugu yangu Bethuel amekwisha kuniezekea nyumba ya vyumba viwili kwenye uwanja wa marehemu baba, ng'ambo ya ziwa Kyoga, na mlango unatazama mashariki kama nilivyoomba. Nitaandika kidogo kidogo mpaka siku ya ndege, msimu huu wa giza usije ukanipita nimekaa tu.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha tuliyokulia chakula, mimi na Leokadia. Nilipokuwa kijana kwetu, Kiswahili kilikuwa lugha ya askari: Lala chini! Vua viatu! Ilimchukua mwanamke yule miaka kunizoesha kwamba kwa maneno hayohayo mtu anaweza pia kuombwa chumvi.

Anselmo, mzee wa Kiitaliano wa ghorofa ya tatu, ameniletea mfuko wa kastani kavu. Ni mbegu za mti wa milimani kwao. Dada yake huzikausha juu ya moshi katika kibanda cha mawe, kisha huzipiga mpaka maganda yatoke. Zimejikunja, ngumu, rangi ya jino la mzee. Moja imeniponyoka ikaanguka sakafuni, ikalia kama kokoto. "Loweka usiku kucha," Anselmo ameniamuru kwa Kiswidi chake cha kiwandani. "Chokoa ile ngozi nyekundu kwenye mikunjo, ndiyo yenye uchungu. Moto mdogo. Chumvi mwisho. Mwisho, Opio!"

14 Oktoba

Nimeziharibu. Nilizipika kama amukeke, vile viazi vitamu vya kukatwa na kuanikwa ambavyo mama alivichemsha kwa maji ya ukwaju. Nimechemsha kutwa nzima na bado ni mawe. Anselmo ameonja mchuzi, akashika kichwa. "Umetia kitu kichachu? Mungu wangu! Kichachu huzifunga. Hata ukizipika mpaka Pasaka, hazilainiki." Amecheka hadi akakohoa.

20 Oktoba

Kevina amekuja kutoka kwake Fittja bila kupiga simu. Ni binti wa Bethuel, huku baba yake ni mimi. Jicho la kushoto limefumba, kifundo cha mkono kimefungwa plasta. Anasema aliteleza kwenye ngazi za kituo. Nimempigia mumewe, Nicholas, nikamwambia mkewe yuko salama kwangu. Ameshukuru kwa adabu. Ni kijana mzuri, anaendesha basi, na Aprili alibeba jeneza la Leokadia upande wa mbele.

21 Oktoba

Mvua.

24 Oktoba

Hakuteleza. Leo alikuwa akinisaidia kuchokoa ngozi za kastani, kisu mkono wa kushoto, na mkono wa sweta ukapanda. Kuna michirizi miekundu iliyojikunja kama U, mingine mipya juu ya ya zamani. Nilifundisha zamani katika shule za fimbo, naijua alama ya fimbo. Hii ilikuwa ya waya.

"Wa nini?" nikauliza.

"Wa kuchajia simu, Baba Mkubwa."

"Na mkono?"

"Aliufungia mlango."

Nilimwambia polepole kwamba ndoa ina vipindi, kwamba mambo ya nyumbani humalizwa nyumbani, kwamba polisi wa hapa wakiingia hawatoki. Alinisikiliza, kichwa ameinamisha, akiendelea kuchokoa. Kisha akasema, "Sawa, Baba Mkubwa," kwa sauti ambayo nimewahi kuisikia mahali, na sikulala mpaka nilipokumbuka ni wapi. Ndiyo sauti tuliyowajibu nayo askari.

29 Oktoba

Bethuel amepiga. "Kaka, mke wa mtu hakai kwa baba yake mkubwa hivi hivi. Nicholas amenipigia analia. Atakuja na mshenga. Wewe pika."

Lazima nieleze hili la kupika. Katika ukoo wetu, mke akikimbilia kwa baba yake mkubwa, mumewe humfuata na mshenga. Mwenye nyumba humpikia kwa mkono wake mwenyewe kitu kikavu cha akiba, kwa kawaida amukeke, kwa kuwa akiba haitolewi kwa mgeni, hutolewa kwa mtu wa nyumbani tu. Mume akila, neno limekwisha, na mke hufunga mzigo wake jioni ileile. Asipokula, neno bado liko jikoni na mke yuko kwao. Niliona jambo hili likitendeka utotoni, na nililiona jema. Watu walikula, wakacheka, mwanamke akatembea nyuma ya mumewe gizani.

Nimemwambia Bethuel huku hakuna amukeke.

"Huna kitu chochote kikavu?"

"Nina kastani."

"Pika hizo. Na kaka, unarudi Februari. Usije ukafika hapa na wazee wakiwa na swali."

3 Novemba

Mlango wa jengo la mkabala umelipuliwa alfajiri. Vijana wa magenge na ugomvi wao. Vioo mpaka kwenye sanduku la mchanga la watoto. Kevina hakushtuka hata kidogo, na hilo ndilo lililonishtua mimi.

10 Novemba

Wamekuja. Mshenga ni Zakayo, shemasi, binamu wa marehemu mke wangu, kwa hiyo ananiita shemeji. Ni mtu mnene wa mizaha ambaye siku zote nilimdhania hana kitu kichwani. Nicholas amevaa suti, amebeba maua ya manjano. Kastani nilikwisha kuziloweka tangu jana, nikazichokoa moja moja, na zilikuwa motoni na jani kavu la kunukia. Nilikuwa nimekusudia kuzipika vizuri. Naandika hivyo ili isije ikaonekana nilikuwa na hekima mapema.

Zakayo alianza: "Shikamoo, shemeji. Tumekuja kutafuta kondoo aliyepotea zizini."

"Marahaba. Kondoo huyu alikuja mwenyewe, na alikuja akichechemea."

"Kondoo naye asipande ngazi na viatu virefu!" Akacheka peke yake.

Nicholas aliomba maji. Nikamwambia yako jikoni. Nilidhani ni vyema waonane kidogo. Kutoka nilipokaa nilimwona Kevina mgongo, amesimama kwenye jiko. Nicholas aliweka maua mezani, akainama karibu na sikio lake na kusema maneno machache, akitabasamu, kama mtu anayemwambia mkewe kuwa amelipenda gauni lake. Kevina hakusogea. Kisha nikaona soksi zake za kijivu zikibadilika rangi, kuanzia juu kwenda chini, na maji yakasambaa sakafuni kuzunguka miguu yake. Mwanamke wa miaka thelathini na moja, mhitimu.

Nicholas aliyatazama yale maji. Akaruka pembeni ili asichafue kiatu, akachukua glasi yake, akarudi kukaa.

Nilinyanyuka. Nilimwambia Kevina aende bafuni ajifungie. Nikafuta sakafu. Halafu nikafungua kabati, nikatoa donge zima la ukwaju, nikalikamua ndani ya sufuria mpaka maji yakawa ya kahawia.

Tulingoja. Tulizungumza habari za theluji. Nilipopakua, Zakayo aliomba sala ndefu, akatia kastani kinywani, akauma. Akaitoa akaitazama.

"Shemeji, hizi ni mbegu au risasi?"

"Bado hazijaiva."

"Zitaiva lini?"

"Neno liko jikoni," nikasema. "Njooni tena."

Nicholas alifahamu. Zakayo alicheka, lakini Nicholas alinitazama kwa muda, akiigeuza kastani moja vidoleni, kisha akaitia mfukoni mwa suti. "Asante, Baba. Tutakuja tena." Chini kwenye ngazi kikasikika kishindo kimoja. Nilipoteremka baadaye nilikuta ukuta wa plasta umebonyea kwa ukubwa wa ngumi, na damu.

11 Novemba

Nimemuuliza Kevina mumewe alimwambia nini pale jikoni. "Alisema safari hii hatatumia waya."

Nimekwenda naye polisi mwenyewe. Ilitupasa kwenda siku ile nilipoiona michirizi, na aliyemzuia ni mimi. Wameandika. Ofisi ya ustawi wa jamii inatafuta nafasi katika nyumba ya kuwahifadhi wanawake, mbali, mahali pasipotajwa. Nafasi zimejaa. Tunangoja. Mpaka ipatikane, kazi yangu ni moja: chakula kisiive.

17 Novemba

Wamekuja mara ya pili. Ukwaju. Zakayo alijaribu kwa moyo zaidi, akavunjika jino. Lilitoka nusu, akalishika kiganjani kama mtu aliyeokota ushanga. "Shemeji, unaniua kwa ustaarabu," akasema, mate mekundu kidevuni. Nicholas hakugusa sahani. "Baba anajua kupika," alisema. "Hapiki kwa sababu hataki." Kwa mara ya kwanza hakutabasamu.

Zakayo alipokuwa akivaa koti alibaki nyuma kidogo. Hakuwa na uso wa mizaha. "Amenitumia kama gunia la kufunikia kisu," alininong'oneza. "Sikuja nikijua. Mara ya tatu mimi simo."

20 Novemba

Theluji ya kwanza. Mtu amemwaga rangi nyekundu mlangoni petu. Anselmo amesugua pamoja nami, akitukana kwa Kiitaliano.

24 Novemba

Bethuel tena. Anasema Nicholas amemweleza habari za ukwaju. "Kaka, hiyo ni dhihaka. Chakula cha suluhu hakichezewi." Nikamwambia binti yako alijikojolea kwa hofu nyumbani mwangu. Akajibu: "Wanawake wa siku hizi." Huyu ndiye mtoto niliyembeba mgongoni tulipokimbia risasi za wezi wa ng'ombe. Nilimsikiliza akiendelea, nikawa najaribu kuiona sura yake, ikakataa kuja.

28 Novemba

Nafasi imepatikana. Jumanne watamchukua.

2 Desemba

Naandika kwa kidole kimoja cha mkono wa kulia. Viganja vyote vimefungwa. Haya yalikuwa jana, Jumapili, majirani walipokuwa wakitundika nyota za karatasi madirishani.

Kevina alikuwa ameniomba jambo. "Baba Mkubwa, msimu mzima nimechokoa kastani na sijazila hata mara moja zikiwa zimeiva. Nipikie kabla sijaondoka." Nikapika. Niliziloweka Jumamosi, nikazichemsha polepole asubuhi yote, nikatia karanga zilizosagwa, na chumvi mwisho. Zilivimba, zikawa laini kama kiazi, na nyumba nzima ikanukia moshi na utamu. Nikaacha moto mdogo, nikashuka chumba cha kufulia kutoa nguo zake, ili aondoke na nguo safi.

Alisikia hodi akadhani ni mimi na kikapu. Akafungua.

Nilipopanda, mlango ulikuwa wazi. Kiti kimeanguka sebuleni, damu ukutani kwa urefu wa kichwa, damu tena kwenye swichi ya taa. Jikoni Kevina alikuwa sakafuni. Nicholas alikuwa amesimama juu yake, amezungushia misuko ya Kevina kwenye ngumi ya kushoto kama mtu anayeshika kamba ya ng'ombe. Kwa mkono wa kulia alikuwa akila. Alikuwa akichota kastani za moto ndani ya sufuria kwa vidole, akizitia kinywani, akitafuna na kumeza, midomo imeungua, machozi ya moto yakimtoka.

"Shuhudia, Baba!" alisema, kinywa kimejaa. "Nakula. Umepika kwa mkono wako, nimekula. Neno limekwisha."

Akachota tena. Kila alipomeza alimpiga teke la mbavu, bila haraka, kama anayehesabu. Kevina hakupiga kelele. Alitoa sauti kama ya kiriba kinachoishiwa hewa.

"Mwache," nikasema.

"Mke wangu. Nimekula, Mzee! Wewe ni mtu wa mila, siyo?" Akatafuna, akafungua kinywa anionyeshe hamna kitu. "Funga mzigo wake."

Niliwahi kulala chini mara moja maishani, kwa amri, nikamsikia mtu akipigwa pembeni yangu mpaka akanyamaza. Nilikuwa na nguvu wakati ule na sikuwa na kitu mkononi. Jana nilikuwa mzee, na palikuwa na sufuria ya chuma.

Niliishika vishikio vyote viwili bila kitambaa. Sikusikia moto. Nikamwagia usoni yote iliyokuwamo. Mchuzi wa karanga haumwagiki ukaondoka kama maji, hushika. Alipiga mayowe, akaachia nywele, akakwangua uso wake kwa kucha, na ngozi ikafuata kucha. Nikampiga kwa sufuria tupu, akapiga magoti. Nikampiga tena, shavu likafunguka, nikaona meno mahali pasipo pa kinywa. Nikampiga mara ya tatu akiwa amekwisha kulala.

La kwanza lilikuwa la kumwokoa Kevina. La pili sina hakika. La tatu lilikuwa langu mwenyewe, na lilikuwa tamu, na Mungu anisamehe kwa kuliandika hivyo, lakini sijui neno jingine.

Anselmo ndiye aliyeita polisi. Alitukuta hivyo: Nicholas ananguruma chini, Kevina amejiburuta chini ya meza, mimi nimekaa sakafuni katikati ya kastani, nimeng'ang'ania sufuria, na haikuachia kwa sababu ngozi ya viganja ilikuwa imeshikamana na vishikio.

3 Desemba

Kevina amevunjika mbavu tatu. Wengu limetolewa. Sikio la kulia halisikii. Ameamka.

5 Desemba

Mpelelezi ni mwanamke kijana mwenye sauti ya upole. Aliniuliza nilipiga mara ngapi. Tatu. Alikuwa bado ananyanyuka mara ya tatu? Hapana. Aliandika, akanitazama, akaniuliza kama nataka maji. Nicholas yuko hospitali chini ya ulinzi. Jicho moja huenda likapotea. Nimejaribu kuona huruma. Nimemkumbuka akibeba jeneza la Leokadia, na kilichonijia ni hasira kwamba mkono ule uligusa mbao zile.

13 Desemba

Watoto wa shule wamepita barazani na mishumaa wakiimba. Kevina ametolewa hospitalini moja kwa moja hadi mahali nisipopajua. Hatukuagana. Ndivyo inavyotakiwa.

22 Desemba

Amepiga kwa namba iliyofichwa. Tulisema kuhusu theluji. "Huko kwako inafika wapi?" nikamuuliza, kisha nikajikemea, maana hatakiwi kusema. Akacheka kidogo. "Inafika magotini, Baba Mkubwa. Magoti yapo nchi nzima."

2 Januari 2025

Wakili anasema Nicholas atafungwa. Kuhusu pigo langu la tatu, nitaadhibiwa kidogo au nitasamehewa. Hata hivyo hakuna anayenizuia kusafiri. Tiketi ni ya tarehe tisa Februari.

5 Januari

Zakayo amekuja na mkate na pengo lake. Bethuel amempigia: wazee wataketi kesho. Wanataka kujua neno moja tu, kama mkwe alikula au hakula. Kama alikula, Kevina ni wake, na mimi ni mtu aliyemwagia chakula cha suluhu usoni mwa mkwe aliyekwisha kula. Mtu kama huyo hapikiwi kwetu, wala hazikwi. Kama hakula, basi alivamia nyumba ya watu, na nilichofanya ni haki.

"Shemeji, ni rahisi," Zakayo alisema. "Mimi ndiye mshenga. Nitasema hakula. Nani alikuwapo? Wewe na binti. Sema hakula, upande ndege."

"Alikula, Zakayo."

"Mimi ni shemasi na niko tayari kudanganya! Wewe unashindwa nini?"

Nilimwambia nitafikiri. Ameondoka akitikisa kichwa, akarudi mlangoni, akasema, "Una miaka sabini na tatu. Utazikwa kwenye theluji kwa ajili ya kastani?" Nimempenda kwa kuuliza. Nilikuwa nimemkosea mtu huyu kwa miaka mingi.

6 Januari

Nimefikiri. Nikisema hakula, nimekubali kwamba kama angekula, angekuwa na haki ya kumburuta. Binti mwingine atakimbilia kwa baba yake mkubwa mwakani, na mwanaume mwingine atajifunza kula haraka.

Walipiga adhuhuri. Simu ilikuwa imewekwa katikati yao. Nilisikia kuku, na mtu akikohoa kikohozi cha tumbaku.

"Kaka," Bethuel alisema, na sauti yake ilikuwa ikiniomba. "Wazee wako hapa. Zakayo amekwisha kutueleza. Thibitisha tu. Hakula, siyo?"

"Alikula."

Kikohozi cha tumbaku kikakatika.

"Alikula tena na tena, nikimwona," nikasema. "Zilikuwa zimeiva. Nilizipika kwa mkono wangu. Alizimeza, na Kevina hatarudi kwake, leo wala kesho. Na mwingine atakayekula vile vile, mke wake naye asirudi."

"Kaka, rudia. Simu ni mbaya."

"Simu ni nzima, Bethuel."

Sauti ya mzee nisiyemtambua ikasema nyuma yake, "Basi huyo abaki aliko." Bethuel hakukata mara moja. Nilimsikia akipumua kwa pua, kama alivyokuwa akipumua mgongoni mwangu. Kisha ikakatika.

Nyumba yenye mlango wa mashariki apewe anayeihitaji. Nimeghairi tiketi. Sitarudi.